Mgahawa wa chakula cha haraka chenye afya na kisichochafua mazingira hapa Mwanza: mteja ashirikishwe wapi?

Mkazi wa Nyegezi ameuliza:

Habari za leo, ndugu zangu. Mimi na wenzangu wawili tunajiandaa kufungua mgahawa mdogo karibu na stendi ya mabasi ya Nyegezi, tukiwalenga abiria, wenye maduka, bodaboda na wanafunzi wa vyuo vya upande huu. Tunataka mtu apate chakula chake ndani ya dakika chache kama anavyopata chipsi mayai, lakini kiwe chakula kisichomwacha na kiungulia wala kumzoesha mafuta yaliyokwisha kuwa meusi kwenye karai. Tumefikiria viazi lishe (vile viazi vitamu vya rangi ya chungwa) vya kuoka, dagaa wakavu wa kukaanga, vipande vya sato wa kuchoma, maharage, mgagani na mchicha, kachumbari nyingi, na juisi ya ukwaju au rosela yenye sukari kidogo.

Upande wa mazingira, tumekubaliana kutumia gesi badala ya mkaa, na kutotumia kabisa kontena za plastiki za kubebea chakula. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli imepungua sana mitaani, lakini kontena, vikombe na vijiko vya kutupa vimebaki, na mvua kubwa ikinyesha huonekana vikielea mitaroni kuelekea Mto Mirongo, na kutoka hapo ziwani, tunakovua samaki na kuchota maji ya kunywa.

Jambo la tatu ndilo linalotufanya tuje kwenu. Tungependa mteja awe mshiriki katika mgahawa huu, asiwe mtu wa kulipa na kuondoka tu. Kuna aliyependekeza sanduku la maoni, mwingine amependekeza kura ya kila mwezi katika kundi la WhatsApp ili wateja wachague chakula kipya, mwingine punguzo kwa anayekuja na bakuli lake, na mwingine anasema tuwauzie wateja hisa ndogo ndogo. Hofu yetu ni kwamba mambo haya yakizidi, huduma itachelewa na bei itapanda, na mteja wa stendi hana muda wala pesa ya kugharimia ndoto zetu. Kwa wenye uzoefu wa chakula, afya au biashara: ushirikishwaji wa mteja unasaidia wapi kweli, na wapi unakuwa pambo tu?

Mama Lishe wa Mkuyuni amejibu:

Karibu katika kazi isiyo na Jumapili, ndugu yangu. Nitaanzia jikoni, kwa sababu mengi uliyoyaeleza yatakufa au yatapona jikoni kabla hayajamfikia mteja.

Watu hudhani chipsi ni chakula cha haraka kwa sababu ya mafuta. Chipsi ni za haraka kwa sababu muuzaji amekwisha kuzikaanga mara ya kwanza asubuhi, akaziweka kwenye beseni, na mteja akifika anazirudisha karaini kumalizia. Nawe basi tafuta vyakula vinavyokubali kazi ya asubuhi. Viazi lishe vinakubali: vichemshe na maganda yake, vimenye vikiwa bado vuguvugu, vikate vipande vinene, vipake mafuta kidogo ya alizeti na chumvi kiasi, kisha mteja akiagiza vitie katika oveni yenye moto mkali mpaka ncha zake zianze kubadilika rangi. Mafuta hayo kidogo usiyaondoe kwa kutafuta sifa ya afya, kwani vitamini A itokanayo na ile rangi ya chungwa hufyonzwa vizuri zaidi mwilini mlo ukiwa na mafuta. Maharage na choroko navyo vinakubali kusubiri. Ugali haukubali. Ukikaa kidogo unaota ngozi juu, na mtu wa Kanda ya Ziwa hatakusamehe kwa ugali uliolala. Ama upike sufuria ndogo ndogo mara kwa mara, ama uuache kwa wauzaji wengine.

Dagaa ndio mtaji wako mkubwa, na ndio watakaokuaibisha usipowaandaa. Walioanikwa mchangani huja na mchanga wao. Watie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, wachezeshe kwa mkono, kisha wainue juu kwa viganja bila kumwaga maji, ili mchanga ubaki chini. Rudia kwa maji mapya mpaka ukipapasa sakafu ya beseni usisikie punje hata moja. Hapo wakaushe vizuri kabla ya kugusa kikaango, la sivyo watarukaruka na kunyonya mafuta. Wakikauka wanahitaji mafuta machache sana, kitunguu, pilipili na limao mwishoni. Mteja anawala wazima na mifupa yao, na humo ndimo ilimo kalsiamu ambayo watu huitafuta kwenye vidonge.

Sasa nije kwa mteja. Sanduku la maoni lisikupotezee mbao. Kura ya WhatsApp nayo ina kasoro, kwa kuwa watu hupigia kura kile ambacho wangependa waonekane wanakipenda, kisha saa saba mchana wanauliza kama chipsi zimebaki. Ukitaka kujua maoni yao, simama mahali sahani zinaporudi, utazame kilichobaki juu yake. Nikiona kachumbari inarudi, najua niliweka pilipili nyingi. Nikiona wali unarudi, najua nilijaza kupita kiasi, na kwamba mteja alilipia kitu ambacho mimi nimekipika kwa gesi yangu na sasa kinakwenda kwa nguruwe.

Ndiyo maana nakuambia ushirikishwaji wenye faida kuliko wote ni kumwachia mteja achague kiasi. Weka sahani nzima na nusu sahani kwa bei iliyoandikwa wazi, na mwenye njaa aruhusiwe kuongeza mboga bila malipo. Wateja wengi, hasa akina mama na wazee, hununua sahani nzima kwa sababu tu hawajaulizwa. Utashangaa jinsi ndoo ya mabaki itakavyopungua, na mabaki yakipungua ndipo utakapopata nafasi ya kushusha bei bila kushusha ubora.

La pili ni kuagiza mapema. Waambie wateja wa kila siku kwamba anayetuma ujumbe kabla ya saa nne asubuhi atahudumiwa kwanza, hata foleni ikiwa ndefu. Usimpe punguzo, mpe nafasi ya mbele. Punguzo linatoka katika faida yako, ilhali nafasi ya mbele haikugharimu kitu, na kwake yeye ina thamani kuliko shilingi mia mbili. Ukijua saa nne kwamba una milo mingapi ya uhakika, hutapika kwa kubahatisha.

La tatu ni bakuli la kurudisha, na hapa nadhani watu wanakuza ugumu. Nani hapa Mwanza hajui kuacha pesa ya chupa anaponunua soda ya chupa na kuondoka nayo? Tumekua na utaratibu huo tangu utotoni. Mtoto anatumwa dukani na chupa tupu ili asilipie chupa mpya. Nunua bakuli za stili zenye mfuniko wa kufunga, mteja aache pesa ya bakuli, na akirudisha apewe pesa yake au aendelee na bakuli jingine. Hiyo pesa iwe karibu na bei uliyonunulia bakuli. Ukiweka ndogo mno, bakuli zako zitageuka vyombo vya nyumbani vya watu, wala hutawalaumu, maana umewauzia kwa bei ya kutupa.

Mwanafunzi wa Malimbe amejibu:

Shikamoo mama. Nakubaliana nawe kuhusu bakuli, lakini niongeze neno kama mteja mwenyewe. Sisi wa chuoni mara nyingi tunaagiza kwa bodaboda, na huwa tunaagiza watu wengi wa bweni moja kwa pamoja. Bakuli la kurudisha litafanya kazi kwetu ikiwa tu bodaboda anayeleta chakula cha leo anaondoka na bakuli za jana. Tukilazimika kuzirudisha wenyewe mpaka stendi, zitakaa chini ya vitanda mpaka muhula uishe.

Nimekuwa nikifuatilia jinsi nchi nyingine zinavyolishughulikia suala hili. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2023, migahawa ya chakula cha haraka yenye viti kuanzia ishirini inalazimika kumhudumia anayekula palepale kwa vyombo vya kuosha, pamoja na ile mikubwa ya kimataifa ambayo ilizoea makaratasi. Ujerumani nayo, tangu tarehe hiyohiyo, inamtaka anayeuza chakula cha kubeba ampe mteja chaguo la chombo cha kurudisha. Lakini biashara ndogo yenye wafanyakazi wasiozidi watano na eneo lisilozidi mita za mraba themanini inatosha ikubali kujaza chombo alicholeta mteja. Nimeona kuwa hata huko kwenye pesa hawakumtwika mwenye kibanda mzigo uleule wa mwenye jumba.

Sweden wamekwenda njia nyingine. Kampuni ya baga iitwayo MAX ilianza mwaka 2008 kuandika kwenye menyu kiasi cha hewa ya ukaa kinachotokana na kila chakula, ili mteja aone tofauti kati ya nyama ya ng'ombe na maharage kabla ya kuagiza. Sisemi muige hayo, kwani kupima hewa ya ukaa ya sahani ya dagaa kunahitaji wataalamu. Ubao wenye chaki, hata hivyo, unawezekana: dagaa wa leo wametoka mwalo gani (mahali mitumbwi inaposhusha samaki), viazi vimetoka kijiji gani Misungwi au Sengerema, mafuta ni ya alizeti na yalibadilishwa lini. Mimi ningependa kusoma hilo la mafuta kuliko mengine yote.

Na tafadhali muweke mlo unaolingana na mfuko wa mwanafunzi. Viazi, maharage na mboga bila samaki unaweza kuwa mlo kamili, na huenda ndio wenye madhara madogo zaidi kwa mazingira.

Bwana Afya Mstaafu amejibu:

Nimesoma kwa makini, na nawapongeza kwa mjadala wenye heshima. Nilifanya kazi ya ukaguzi wa afya katika halmashauri mbalimbali za Kanda ya Ziwa, na yapo mambo ambayo sitaki vijana hawa wayagundue siku ya ukaguzi.

Kwanza, bakuli la mteja mwenyewe. Silikatai, bali nasema litenganishwe na vyombo vya jikoni. Chombo kilichotoka mfukoni au kwenye mkoba hakipaswi kuvuka meza na kuingia sehemu ya kupikia, na upawa wa sufuria usiguse ukingo wake. Pima chakula kwenye sahani yako safi, kisha kimiminie ndani ya chombo chake mbele ya macho yake, na mhudumu awe na mamlaka ya kukataa kwa upole chombo kinachonuka au chenye ufa. Bakuli zenu za kurudisha ni salama zaidi kwa sababu mnaziosha wenyewe: maji ya moto na sabuni, kusuuza, kuzitia dawa au maji yanayochemka, halafu zikauke zenyewe kwenye chanja. Kitambaa kimoja kilicholowa, kinachofuta bakuli la kwanza hadi la mwisho, hubatilisha kazi yote iliyotangulia.

Pili, kazi ya asubuhi aliyoisifu mama ni sahihi, lakini humo ndimo inamojificha hatari. Chakula kilichopikwa na kusubiri mteja kinatakiwa kikae kwenye joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, au kipozwe haraka na kuhifadhiwa chini ya nyuzi 5. Kati ya hapo vijidudu huzaliana kwa kasi, na kukiacha zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida la Mwanza ni kucheza na afya za watu. Wali na maharage vinavyokaa vuguvugu tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana ndivyo vilivyowahi kuwajaza watu kwenye vituo vya afya baada ya sherehe nyingi, ingawa lawama zote huangukia samaki. Nunueni kipimajoto cha chakula. Ni kifaa kidogo, na kitawaondolea ubishi.

Kuhusu mafuta, mwanafunzi ameuliza vizuri. Mafuta yanayopashwa moto tena na tena huharibika na kuzalisha kemikali zenye madhara, na ishara zake mpishi yeyote anazijua: yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na kutoa moshi mapema. Yakifika hapo yasiongezewe mapya juu yake, bali yaondolewe. Na yakiondolewa yasimwagwe mtaroni. Hapa ndipo wengi wanaojiita rafiki wa mazingira huteleza: wanaacha plastiki, halafu maji ya kuoshea vyombo yenye mafuta yanateremka moja kwa moja hadi ziwani. Jengeni shimo dogo la kunasa mafuta kabla maji hayajaingia kwenye mfumo wa majitaka, na mafuta yaliyotumika muwape watengenezaji wa sabuni, wapo wanaoyatafuta.

Kwa upande wa taratibu, wahudumu wote wa chakula wapimwe afya zao kila baada ya miezi sita, jengo la chakula lisajiliwe TBS (Shirika la Viwango Tanzania), ambayo ndiyo iliyokabidhiwa masuala ya usalama wa chakula mwaka 2019, na leseni ya biashara ipatikane halmashauri. Mwiteni afisa afya wa kata aione ramani kabla ya kujenga sinki. Kubomoa baadaye ni ghali.

Mkaa mmeuacha, na mmefanya jambo jema. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034, hivyo atakayejenga jiko la mkaa leo atalibomoa kesho. Ila mtungi wa gesi uwekwe nje ya chumba cha kupikia, mahali penye hewa.

Mkazi wa Nyegezi ameandika tena:

Nawashukuru sana, wabeja sana kwenu nyote. Nusu sahani na kuagiza mapema tunavichukua mara moja, na la bodaboda kuondoka na bakuli za jana hatukuwa tumelifikiria. Wazo la pesa ya bakuli limemaliza ubishi wetu wa wiki nzima kuhusu makaratasi na majani ya mgomba. Shimo la mafuta tutalipeleka kwa fundi kabla hajamwaga zege.

Limebaki la hisa. Baadhi ya watu wa mtaani na madereva wa stendi wanasema wako tayari kuchanga fedha kidogo kila mmoja ili wawe sehemu ya mgahawa. Mtaji wetu hautoshi kununua oveni na friza kwa pamoja, kwa hiyo kishawishi ni kikubwa. Je, tupokee?

Mzee wa Ushirika amejibu:

Msipokee hata shilingi kabla hamjajua mnapokea kama nini. Fedha ya mtu inaweza kuingia katika biashara yenu kama hisa, kama mkopo, kama mchango wa mwanachama au kama malipo ya chakula ambacho bado hamjampa, na kila moja lina sheria yake na ugomvi wake.

Mkisajili kampuni binafsi chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, wanahisa hawaruhusiwi kuzidi hamsini, ukiacha wafanyakazi, na hamruhusiwi kutangaza hisa kwa umma. Kubandika tangazo la hisa kwenye ukuta wa stendi, au kulituma katika kundi la watu wasiojulikana idadi, ni kuualika umma, na jambo hilo liko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mgahawa wa meza sita hauna sababu ya kuingia katika njia hiyo.

Ushirika ni njia halali na ya heshima, na mji huu unaujua kuliko miji mingi. Wakulima wa pamba wa Usukumani walianza miaka ya 1950 kwa kudai mizani ya haki, na kufikia mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake yakiwa hapa Mwanza, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Mwanachama alishiriki kwa kusimama karibu na mizani akiona pamba yake inavyopimwa. Mengine yote yalifuata baada ya hapo. Kwa hiyo mkitaka ushirika chini ya Sheria ya mwaka 2013, mjiandae kwa mikutano mikuu, bodi, ukaguzi wa hesabu na kura moja kwa kila mwanachama, awe ameweka kingi au kidogo. Wenye haraka ya kuamua bei ya dagaa kila asubuhi watauona mzigo. Kule Brooklyn, Marekani, lipo duka la chakula la ushirika lililoanzishwa mwaka 1973, Park Slope, ambalo wanachama wake hufanya kazi za zamu dukani ili bei iwe chini, nalo limedumu. Lakini lile ni duka la mahitaji ya nyumbani, na zamu ya kupanga maboga kwenye rafu si sawa na zamu ya kusimama mbele ya oveni saa saba mchana na abiria wanagonga meza.

Ushauri wangu kwenu, kwa kiwango mlicho nacho, ni kadi ya milo ya kulipia mbele. Mteja analipa milo kumi leo, anapewa kadi yenye namba na muhuri, na mlo wa kumi na moja unakuwa shukrani yenu kwake. Mkipata wateja wa kutosha, oveni itanunuliwa bila riba. Lakini andikeni kwenye daftari, kila jioni, milo mnayodaiwa, kwa kuwa fedha hiyo ni deni mpaka siku chakula kitakapoliwa. Nimeona biashara nzuri ikifungwa kwa sababu wenyewe walihesabu malipo ya mbele kuwa faida, wakanunua viti. Tengeni sehemu ya fedha hiyo, msiiguse, iwe ya kununulia vyakula vya milo inayodaiwa. Na lile daftari liwe wazi kwa mwenye kadi yeyote anayetaka kulitazama. Ndiyo mizani yenu hiyo.

Madereva wanaotaka kuwa wamiliki waambieni wasubiri mwaka mmoja. Anayependa mgahawa kweli atakuwa bado anakula hapo.

Muuza Dagaa wa Kirumba amejibu:

Mzee ameongea, mimi nitaongeza la sokoni tu, maana naona mmepanga dagaa wawe kila siku kwenye menyu kama vile wanachimbwa ardhini.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi giza likiwepo. Mbalamwezi ikikaribia kujaa, mitumbwi mingi hupumzika, mzigo unapungua mwaloni na bei inapanda, kila mwezi, bila kukosa. Mwenye mgahawa anunue wakati wa giza, ahifadhi mahali pakavu penye hewa, na siku za mwezi mkubwa aupe mlo mwingine nafasi. Hapo ndipo mngewashirikisha wateja kwa manufaa: wapigie kura chakula cha siku za mbalamwezi, wakijua kwa nini dagaa hawapo. Masika nayo yana taabu yake, kwa sababu dagaa hawakauki vizuri, wanaoza au wanaota ukungu, na wasio waaminifu huwachanganya na wazuri. Ingiza mkono katikati ya gunia, usitazame wa juu tu.

Ombeni walioanikwa kwenye chanja. Bei yao iko juu, lakini mama wa Mkuyuni atawaambia ni maji kiasi gani mtaokoa kwa kutoosha mchanga, na hawapotezi uzito mkiwasafisha. Kuhusu sato, msikubali walio chini ya sentimita 25, hata mkishawishiwa kwa bei. Ni wachanga kwa mujibu wa kanuni za uvuvi, na mgahawa unaosema unalinda ziwa ukikutwa na samaki hao hautakuwa na la kujitetea. Sato wanaofugwa kwenye vizimba siku hizi wanapatikana kwa ukubwa unaolingana, jambo linalorahisisha kupanga bei ya kipande.

Niandikieni mnahitaji kilo ngapi kwa wiki na mnataka waliokatwa vichwa au wazima, nipange na wenye chanja kabla giza lijalo halijaanza.